Kichocheo changu cha methanoli kimekishinda cha kiwandani: je, ni kweli?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili ya kemia, na nyumbani ni Nakuru. Nimetengeneza kichocheo cha shaba na oksaidi ya zinki nikakiongezea zirkonia, yaani oksaidi ya zirkoniamu, kigeuze hewa ya ukaa na haidrojeni kuwa methanoli. Kwa shinikizo la baa 50 na joto la nyuzi 280, sehemu moja ya hewa ya ukaa kwa tatu za haidrojeni, kimegeuza asilimia 22 ya hewa ya ukaa, na asilimia 60 ya kilichogeuka imekuwa methanoli. Makala niliyosoma kuhusu kichocheo cha kiwandani inatoa namba ndogo kuliko hizi. Je, naweza kuandika kwamba nimepata kichocheo bora? Na kinaweza kutumika kwa gesi ya visima vya jotoardhi vya Olkaria?

Jibu: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu. Chukua asilimia 60 ya ile 22 yako: unapata 13. Maana yake, katika kila molekuli 100 za hewa ya ukaa ulizoingiza, 13 zimetoka zikiwa methanoli. Sasa, kwa nyuzi 280 na baa 50, na mchanganyiko wa moja kwa tatu, msawazo wa kemia, yaani pale badiliko la kwenda na la kurudi yanapolingana kasi, hauruhusu zaidi ya 9 au 10. Huo ni mpaka ambao hakuna kichocheo kinachoweza kuuvuka, kiwe chako, cha kiwandani au cha miaka 100 ijayo. Kichocheo hufupisha safari, lakini mji wa kufikia kinaukuta palepale ulipo.

Kwa hiyo usiandike bado. Lakini usivunjike moyo, kwa sababu namba zako zinasema jambo, na nadhani najua ni jambo gani.

Ndani ya mrija wako kuna mabadiliko mawili yanayogombea hewa ya ukaa ileile. La kwanza linaiunganisha na haidrojeni tatu na kutoa methanoli na maji, na hutoa joto, kilojuli 49 hivi kwa kila moli. La pili linachukua haidrojeni moja tu na kutoa kaboni monoksaidi na maji, nalo hula joto, kama kilojuli 41. Ukiongeza moto, la kwanza linarudi nyuma na la pili linasonga mbele. Nimepiga hesabu ya msawazo kwa masharti yako. Kwa nyuzi 280, karibu robo ya hewa ya ukaa inaweza kugeuka, lakini sehemu kubwa ya hiyo, kama theluthi mbili, inakuwa kaboni monoksaidi. Kwa nyuzi 250 robo ileile inageuka, ila safari hii ni methanoli inayochukua karibu theluthi mbili. Tazama tena namba zako: 22 na 60. Hizo ni namba za nyuzi 250 au karibu na hapo. Si za 280.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwako ni hili: themokapo yako, ile nyaya ya kupimia joto, iko wapi? Kama imeegemea ukuta wa tanuri, inakusomea joto la waya wa umeme. Joto la kichocheo ni jambo jingine. Gesi baridi inayoingia kwa kasi kwenye mrija mwembamba inaweza kufanya ndani pawe chini ya ukuta kwa nyuzi 20 au 30, hasa kama kichocheo kimekaa mbali na katikati ya tanuri. Tengeneza kifuko chembamba cha chuma kinachoshuka hadi katikati ya punje za kichocheo, uingize themokapo humo, kisha uisogeze juu na chini sentimita moja moja huku gesi ikipita. Andika kila kipimo. Ukipata tofauti ya zaidi ya nyuzi mbili tatu kati ya juu na chini, changanya kichocheo na mchanga safi wa silika au silikoni kabidi, mara tano ya ujazo wake au hata zaidi, ili joto lisambae. Kazi hii ni ya siku moja, na itaokoa mwaka wako mzima.

Cha pili ninachokishuku ni bomba linalotoka kwenye riakta, yaani ule mrija wa kichocheo, kwenda kwenye kromatografu, mashine inayotenganisha gesi na kuzipima. Methanoli huchemka kwa nyuzi 65 hivi, maji kwa 100, na kwa shinikizo la juu vyote viwili huchelewa zaidi kuwa mvuke. Kipande kimoja tu cha bomba kisichopashwa moto, hata kiungo kidogo cha urefu wa kidole, kinakusanya matone. Kwa nusu saa unaona methanoli kidogo, halafu matone yanaachilia kwa pamoja na sindano moja, yaani sampuli moja iliyoingizwa kwenye kromatografu, inakuonyesha mlima. Mtu akichukua mlima ule na kuuita matokeo, amejidanganya bila kukusudia. Pasha bomba lote hadi nyuzi 150 au zaidi, na uache gesi ipite saa kadhaa kabla ya kuamini kipimo.

Njia ya kujua kama umepoteza kitu au umehesabu mara mbili ni hesabu ya kaboni. Weka naitrojeni au agoni kidogo kwenye gesi yako, asilimia chache tu, kwa kuwa haishiriki katika lolote. Idadi ya molekuli hupungua methanoli inapotengenezwa, kwa hiyo mtiririko unaotoka ni mdogo kuliko ulioingia, na gesi hiyo isiyoshiriki ndiyo inayokuonyesha umepungua kwa kiasi gani. Kisha jumlisha kaboni yote iliyotoka: hewa ya ukaa iliyobaki, kaboni monoksaidi, methanoli, na methani kama ipo. Isipofika kati ya asilimia 97 na 103 ya iliyoingia, mimi sizisomi namba nyingine za siku hiyo. Katika barua yako hesabu hii haimo kabisa, na mtahini wako ataiulizia kabla hajakaa kitini.

Tuseme umeyarekebisha haya yote, na kweli uko kwenye nyuzi 250. Bado huwezi kusema kichocheo chako ni bora, kwa sababu umefika karibu na msawazo. Watu wawili wakitembea kuelekea ukuta, mmoja mwepesi na mwingine mzito, ukiwatazama baada ya saa nzima utawakuta wote wamesimama ukutani. Hutajua nani alikuwa na mbio. Unapaswa kuwatazama wakiwa bado njiani. Katika maabara hiyo maana yake ni kupunguza kichocheo au kuongeza kasi ya gesi hadi ugeuzaji ushuke chini ya asilimia 5 hivi. Hapo ndipo vichocheo hutofautiana. Na unapolinganisha uteuzi, yaani sehemu ya kilichogeuka iliyokuwa methanoli, linganisha pale ambapo vyote viwili vimegeuza kiasi kilekile. Kichocheo kilichogeuza asilimia 3 karibu kila mara kitaonekana kina uteuzi mzuri kuliko kilichogeuza 20, hata kama ni unga uleule umetoka chupa moja.

Na hiki cha kiwandani ukipime wewe mwenyewe. Omba gramu chache kwa muuzaji au kwa maabara rafiki, ukipondeponde na kukichekecha kwa chekeche lilelile, ukiweke kwenye mrija uleule na ukipime kwa gesi kutoka mtungi uleule. Namba ya makala ilipatikana kwa riakta nyingine na mkono mwingine. Kuilinganisha na yako ni kama kulinganisha vibaba viwili vya masoko mawili.

Kuhusu mtungi, nikusimulie kilichonipata. Nilipokuwa kijana nilipima vichocheo vitatu vya mchanganyiko tofauti kwa gesi yenye kaboni monoksaidi nyingi. Vyote vitatu vilichoka polepole, na nikaandika kurasa nyingi nikieleza kwamba punje za shaba zinaungana na kuwa kubwa. Maelezo yalikuwa mazuri. Kilichonizindua ni kuweka mistari mitatu kwenye karatasi moja: iliteremka kwa mteremko uleule, kana kwamba imechorwa kwa rula. Vitu vitatu tofauti havizeeki kwa mwendo mmoja. Nilifungua mrija, nikamwaga mchanga uliokuwa juu ya kichocheo kwenye karatasi nyeupe. Punje za mwanzo, zile zilizopokea gesi kwanza, zilikuwa na rangi ya kahawia kama kutu, na kadiri nilivyoshuka zilizidi kuwa nyeupe. Ilikuwa chuma. Kaboni monoksaidi ikikaa kwa shinikizo kubwa ndani ya mtungi wa chuma hutengeneza kabonili ya chuma, mvuke unaosafiri na gesi kimyakimya hadi kwenye sehemu ya moto, na hapo hujivunja na kuacha chuma juu ya shaba yako. Nikeli ya mabomba hufanya vivyo hivyo, na kabonili yake ni sumu kali kwa binadamu. Tangu siku ile siwashi riakta yenye kaboni monoksaidi bila kuweka kichujio cha mkaa amilifu kwenye njia ya gesi. Wewe unatumia hewa ya ukaa, hatari ni ndogo, lakini kichocheo chako mwenyewe kinazalisha kaboni monoksaidi. Pima pia mrija mtupu wenye mchanga pekee kwa nyuzi 280. Ukiona methani, ni ukuta wa mrija unaofanya kazi.

Sasa nije kwenye kichocheo chenyewe, maana umeniandikia mistari miwili tu juu yake na mimi ningependa kurasa mbili.

Shaba haikuchaguliwa kwa bahati. Kampuni ya kemikali ya BASF ilipoanza kutengeneza methanoli Leuna, Ujerumani, mwaka 1923, ilitumia oksaidi za zinki na kromiamu, kwa baa 250 hadi 350 na nyuzi 300 hadi 400. Ilijulikana mapema kwamba shaba ina kasi zaidi, lakini gesi ya makaa ya mawe ilikuwa na salfa, na salfa huiua shaba. Ilibidi gesi safi ipatikane kwanza. Mwaka 1966 kampuni ya ICI ya Uingereza ilianzisha mtindo wa shinikizo dogo kwa shaba, oksaidi ya zinki na alumina (oksaidi ya alumini), kwa baa 50 hadi 100 na nyuzi 200 hadi 300, na ndio unaotawala hadi leo. Dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 100 za methanoli kwa mwaka, nyingi kwa uzao wa kichocheo hicho. Unapotaka kukishinda, unashindana na kitu kilichonolewa kwa miaka 60.

Sababu ya shaba kufaa ni ile aliyoieleza mkemia Mfaransa Paul Sabatier zaidi ya miaka 100 iliyopita: uso wa kichocheo uishike molekuli, lakini usiing'ang'anie. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikeli tupu humshika mgeni hadi inamvunjavunja, na unapata methani. Dhahabu, kwa kawaida, humwacha apite bila kuketi. Shaba humpa kazi na kumwacha aondoke akiwa methanoli. Zinki nayo haijakaa pale kutenganisha punje tu. Malte Behrens na wenzake, katika makala ya mwaka 2012, walionyesha kwamba mahali penye kasi ni kwenye ngazi na kasoro za uso wa shaba, pale ambapo zinki imejipenyeza. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, watafiti wa ICI walitia kaboni yenye mnururisho kwenye gesi na kuona kwamba kaboni ya methanoli hutoka hasa kwenye hewa ya ukaa, hata pale kaboni monoksaidi imejaa tele. Hilo linakupa moyo: shaba imekuwa ikifanya kazi unayoitaka siku zote.

Ubora wake huamuliwa kwenye bika, kile chombo cha kuchanganyia, siku ambayo hakuna gesi wala shinikizo. Unadondosha myeyusho wa naitreti za shaba na zinki pamoja na sodiamu kaboneti, ndugu wa magadi, kwenye maji ya nyuzi 65 hivi, ukishikilia pH, kipimo cha uchachu, karibu na 7. Kinachotokea kwanza ni uji wa buluu. Hapo wanafunzi wengi huchuja na kwenda nyumbani. Usichuje. Endelea kukoroga kwenye joto lilelile na uitazame pH. Kwa muda unaona kama hakuna kinachotokea, halafu pH inashuka ghafla kidogo na uji wote unageuka kijani mbele ya macho yako. Umezaliwa malakaiti wenye zinki ndani yake, ndugu wa lile jiwe la kijani ambalo watu wa Kolwezi na Lubumbashi wanalijua kwa mikono yao. Zinki iliyoingia ndani ya malakaiti ndiyo itakayokaa karibu na shaba baadaye. Ukichuja mapema umeitupa nafasi hiyo, na zirkonia yoyote utakayoongeza haitairudisha. Kisha osha, na uoshe tena, kwa sababu sodiamu inayobaki huharibu kazi. Niambie katika barua ijayo kama uliona rangi ikigeuka.

Baada ya kukausha na kuchoma kwa nyuzi 300 hadi 350 unapata unga mweusi. Kuupa haidrojeni kunahitaji subira: haidrojeni asilimia 5 ndani ya naitrojeni, joto lipande nyuzi moja kwa dakika. Oksaidi ya shaba ikigeuka shaba hutoa joto jingi, na ukienda haraka punje zinayeyukiana kabla hujaanza. Ukimaliza majaribio usifungue mrija ghafla. Unga huo ukikutana na hewa huwaka kama kaa. Ingiza hewa kidogo kidogo ndani ya naitrojeni kwanza. Na kumbuka unachozalisha: methanoli kidogo sana hupofusha na kuua, Kenya tumeshazika watu kwa pombe iliyotiwa methanoli. Matone ya maabara yasibaki kwenye chupa isiyoandikwa.

Ushindani wa kweli, kwa maoni yangu, uko kwenye umri wa kichocheo. Makala nyingi hutangaza kasi ya saa chache, ilhali kiwanda hutaka kichocheo kikae miaka mitatu, minne. Na hapa hewa ya ukaa ina ugumu wake: kila methanoli inazaliwa na molekuli moja ya maji, na kila kaboni monoksaidi vilevile. Kwenye gesi yenye kaboni monoksaidi nyingi maji hayo huliwa tena, lakini kwenye gesi yako yanabaki, yanakalia uso wa shaba, na kuzifanya punje za shaba na za zinki zitembee na kuungana. Zirkonia hushika maji kwa ulegevu kuliko alumina, na hapo wazo lako lina maana. Si wazo geni, wengi wamelitumia kabla yako, lakini ni zuri, na lingekuwa na nguvu zaidi kama ungelionyesha. Kwa hiyo kiache kichocheo chako na kile cha kiwandani vifanye kazi saa 100 mfululizo, kisha ongeza mvuke wa maji asilimia chache kwenye gesi inayoingia kwa saa 24, uutoe, uone kila kimoja kinarudi wapi. Pima eneo la uso wa shaba kwa gesi ya naitrasi oksaidi kabla na baada. Kama chako kina kasi sawa na cha kiwandani lakini kimepoteza nusu ya kile ambacho mwenzake amepoteza, hapo una makala, na mimi nitakuwa wa kwanza kukupongeza.

Olkaria sasa. Gesi inayotoka na mvuke wa jotoardhi ni hewa ya ukaa kwa sehemu kubwa, pamoja na salfidi ya haidrojeni, ile yenye harufu ya yai bovu. Kichocheo cha shaba hutaka salfa iwe chini ya sehemu 0.1 kwa milioni. Kwa hiyo gesi isafishwe kwanza, hakuna njia ya mkato. Inawezekana: kule Svartsengi, Iceland, kiwanda kilichopewa jina la George Olah kilianza mwaka 2012 kutumia hewa ya ukaa ya kituo cha jotoardhi, na baadaye kikapanuliwa hadi uwezo wa tani 4,000 za methanoli kwa mwaka. Ugumu wa uchumi wake uko kwenye haidrojeni. Tani moja ya methanoli inataka kilo 188 hivi za haidrojeni, na kilo moja ya haidrojeni kwa kupasua maji inakula kilowati-saa 50 au zaidi. Piga hesabu kwa bei ya umeme unayoijua wewe.

Kama salfa ndiyo inayokuumiza kichwa, soma kazi ya Can Li na wenzake wa Dalian, China, ya mwaka 2017: oksaidi ya zinki iliyoyeyuka ndani ya zirkonia, bila shaba kabisa. Ilidumu zaidi ya saa 500 na kuvumilia gesi yenye salfa. Kule Zurich kikundi cha Javier Pérez-Ramírez kilionyesha mwaka 2016 oksaidi ya indiamu juu ya zirkonia ikifanya kazi saa 1,000. Vyote viwili hutaka nyuzi 300 au zaidi, mahali ambapo msawazo ni bahili, kama ulivyokwisha kuona, na indiamu ni adimu. Lakini zirkonia umeshaijua mkononi. Kichocheo chako kijacho ningekitengeneza bila shaba, angalau kimoja, nikakiweka mbele ya gesi yenye salfidi kidogo chini ya mfuniko wa kuvuta hewa unaofanya kazi.

Kabla ya hilo, wiki hii shusha themokapo ndani ya kichocheo. Nitumie joto la juu, la katikati na la chini, pamoja na hesabu ya kaboni ya sindano kumi mfululizo.